Choo kinapouma: jinsi ya kuanza na tiba ya Kichina ukiwa nyumbani

Swali hili hunifikia kila wiki, na karibu kila mara huulizwa kwa sauti ya chini: "Dada, nikienda haja kubwa naumia sana. Huna dawa ya Kichina ya kusafisha tumbo?" Wengine huuliza kwa niaba ya mama, wengine kwa niaba ya "rafiki". Majibu yangu yamekuwa yaleyale kwa miaka, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa, hatua kwa hatua, usome peke yako bila aibu.

Kabla ya yote: tiba ya Kichina inayo njia nzuri ya kukusaidia, lakini njia hiyo si kuharisha. Nilisoma tiba hii Nanjing, mji mkuu wa mkoa wa Jiangsu, ule ule unaoleta timu za madaktari Zanzibar tangu 1964. Walimu wetu walikuwa na msemo: *tong ze bu tong, tong ze bu tong*. Kwa sikio letu ni maneno yaleyale yanarudiwa, ila kwa Mchina sauti hupanda na kushuka, na maana yake ni hii: panapopita hapaumi, panapouma hapapiti. Kazi yetu ni kuifanya njia ipitike, kwa kulainisha, kupasha joto na kutuliza. Anayesukuma kwa nguvu mahali palipochanika anaongeza kidonda.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu yamenipata. Mwaka wangu wa pili, majira ya baridi, nilikuwa nashinda darasani bila kunywa maji, jioni nala tambi zenye pilipili. Nikapata mpasuko kwenye njia ya haja kubwa. Niliingia duka moja la dawa, muuzaji hakuniuliza hata swali moja, akanipa vidonge vya kufungua tumbo. Niliharisha siku mbili, na kila tone lilipita kwenye kidonda kama maji ya ndimu. Mwalimu wangu aliponiona natembea kwa kuchechemea ndipo akanipa beseni, ufuta na pointi moja ya mguuni, yaani mahali pa kuminya kwa kidole. Wiki ya tano nikapona. Mengi utakayosoma hapa chini nilianza kuyajua kwa njia hiyo.

Nani asianze hapa, aende hospitali kwanza

Tafadhali usiruke sehemu hii. Nenda ukapimwe kama:

- choo ni cheusi kama lami, au damu imechanganyika ndani ya choo chenyewe badala ya kuonekana kwenye karatasi au maji ya kutawadhia;
- una homa, usaha, au uvimbe wenye moto karibu na njia ya haja kubwa unaouma hata ukiwa umekaa tu. Hilo huwa ni jipu, na jipu linapasuliwa na daktari, halikandwi;
- umepungua uzito bila sababu, au choo chako kimebadilika kwa wiki kadhaa, hasa kama umri umepita miaka 45 au kuna ndugu wa damu aliyepata saratani ya utumbo;
- tumbo limevimba, unatapika, na hata hewa haitoki;
- choo ni cha kamasi na damu na tumbo linasokota. Kwetu Afrika Mashariki lazima tufikirie amiba na kichocho cha tumbo, na vyote viwili vina kipimo na vina dawa;
- maumivu yameanza na vidonda au majimaji baada ya kujamiiana. Mwambie mhudumu wa afya ukweli, atakupima na kukutibu.

Mtoto mdogo naye apelekwe kwa daktari. Mama mjamzito anaweza kufuata hatua ya 2, ya 3 na ya 6, lakini ya 4 na ya 5 aziache mpaka azungumze na mkunga wake, na dawa za hatua ya 7 asizitumie.

Vitu vya kuandaa

Havigharimu sana, na vingi unavyo tayari:

- beseni pana unaloweza kulikalia, liwe la kazi hii tu;
- ufuta mweusi nusu kilo. Ukikosa mweusi, mweupe unafaa;
- asali ya kweli, na mchele kidogo;
- chupa ya chai ya kutunzia maji ya moto usiku kucha;
- kigoda cha kuwekea miguu, urefu wa sentimita 15 hadi 20, kama choo chako ni cha kukalia;
- mafuta ya nazi au ya ufuta ya kukandia;
- daftari na kalamu;
- wiki nne za uvumilivu. Ukitaka matokeo ya kesho asubuhi, utaishia pale nilipoishia mimi na vile vidonge.

Hatua ya 1: Jua maumivu yako ni ya aina gani

Kwa siku tatu andika: saa uliyokwenda, choo kilivyokuwa, kiliuma wakati gani (kabla, wakati kinatoka, au baada), na ulikula nini. Mganga wa Kichina hatibu "choo kinachouma" kwa jumla. Watu wawili wenye malalamiko sawa wanaweza kupewa vitu vinavyopingana kabisa, ndiyo maana dawa ya jirani yako inaweza kukuumiza.

*Ukavu na joto.* Choo ni vipande vidogo vigumu kama vya mbuzi, kinywa kikavu, mkojo wa manjano iliyokolea. Wakati wa kutoka unahisi kama kioo kinakata, na moto unabaki hata saa nzima. Hawa ndio wengi, na mara nyingi wana mpasuko au bawasiri.

*Kukwama.* Tumbo limejaa gesi, unahisi haja lakini ukikaa hakitoki, na hali huwa mbaya siku za hasira au mawazo. Wachina husema qi (husomwa "chi"), yaani nguvu inayosukuma mambo mwilini, imekwama.

*Uchovu.* Choo si kigumu, ila nguvu za kukitoa hazipo. Ukimaliza umetokwa jasho na unataka kulala. Nimewaona sana wazee na mama waliojifungua karibuni wakiwa na hali hii.

*Baridi.* Tumbo ni la baridi ukiligusa, maumivu hupungua ukiweka kitu cha moto, na vinywaji vya barafu huongeza shida.

*Kuuma kisha kuharisha.* Tumbo linasokota, unakimbilia chooni, choo ni laini, na maumivu yanaisha pale pale ukimaliza. Hutokea zaidi siku ya mtihani, usaili au ugomvi. Aina hii haihitaji kulainishwa hata kidogo. Kama ni wewe, ruka hatua ya 3 na usome sehemu ya mwisho.

Ukijiona upo kwenye aina mbili, hilo ni jambo la kawaida. Anza na ile inayokuumiza zaidi.

Hatua ya 2: Tuliza mahali panapouma

Misuli ya njia ya haja kubwa ikiumia hujikaza. Ikijikaza, damu haipiti vizuri, kidonda hakifungi, na choo kinachofuata kinapasua tena. Maji ya uvuguvugu huilegeza misuli hiyo.

1. Weka kwenye beseni maji ya joto la nyuzi 37 hadi 40 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Tumbukiza kiwiko. Kikisikia raha, yanafaa. Kikishtuka, ongeza ya baridi.
2. Kaa ndani yake dakika 10 hadi 15, mara tu baada ya choo na tena kabla ya kulala.
3. Jikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini. Usisugue.

Katika hospitali za China huchemshwa humo mizizi na magamba ya dawa, mara nyingi *ku shen* na *huang bai*, ambayo ni michungu sana na hutumika panapovimba na kuwasha. Kama una mtaalamu anayekuandalia, vizuri. Kama huna, maji matupu yanatosha kabisa kwa mwanzo.

Kosa ninaloliona sana: kuongeza ukali wa maji. Watu hutia ndimu, kitunguu saumu, ugoro, dawa ya kuua vijidudu, au chumvi ya kiganja kizima. Pale pana ngozi iliyochanika. Usitie kitu. Wala usikalie mvuke wa sufuria inayochemka, kwa sababu nimeona mtu ameungua mapaja akitafuta nafuu ya kidonda kidogo kuliko ukucha.

Hatua ya 3: Lainisha kutoka ndani

Hapa ndipo tiba ya Kichina ina utajiri mkubwa, na sehemu nzuri ni kwamba dawa yenyewe inaliwa. Zhang Zhongjing, tabibu wa China aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, karibu miaka 1,800 iliyopita, aliacha kitabu kiitwacho Shang Han Lun. Ndani yake kuna maelezo ya mtu aliyekaukiwa utumbo na choo kimesimama mlangoni: achemshiwe asali mpaka iwe nzito, ifinyangwe ikiwa ingali na joto, umbo la kidole kidogo, kisha iingizwe kwa chini. Sikuambii ufanye hivyo nyumbani. Nakuonyesha tu kwamba tangu zamani hizo tabibu mkubwa alijua kwamba aliyekauka analainishwa, hapigwi mjeledi.

Chakula cha asubuhi ninachowapa wengi ni uji wa ufuta. Kule huitwa *zhi ma hu*, na watu hunywa wakienda kazini.

1. Osha ufuta vijiko vinne vya chakula, uchuje, ukaange bila mafuta kwa moto mdogo. Ukianza kurukaruka na kunukia, epua mara moja. Ukiungua unakuwa mchungu, na kwa macho ya Kichina kilichoungua kinaongeza joto unalojaribu kulipunguza.
2. Kaanga pia mchele vijiko viwili mpaka uanze kubadilika rangi.
3. Saga vyote pamoja viwe unga laini. Kinu au mashine ya kusagia viungo vinafaa.
4. Koroga unga huo kwenye maji mililita 400, pika dakika tano hadi saba huku ukikoroga.
5. Ukipoa kidogo, tia asali kijiko kimoja. Mwenye kisukari aache asali. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Kunywa kikombe kimoja kila asubuhi. Kokwa mbili tatu za jozi (walnut) zilizotwangwa zinaweza kuingia pia, hasa kwa wazee wa aina ya uchovu. Ufuta lazima usagwe, au utafunwe hasa. Ukimezwa mzima hutoka mzima, na mtu huniambia ufuta haukumsaidia. Na kama ufuta au karanga hukuletea mzio, acha yote haya na utegemee viazi vitamu, mboga za majani na matunda.

Maji: amka, kunywa glasi moja ya maji ya vuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai kabla ya kitu kingine. Wachina hunywa maji ya moto kwa kila jambo mpaka mgeni anachoka, ila kwa hili nawaunga mkono moja kwa moja. Kwa siku nzima fikisha lita moja na nusu hadi mbili, isipokuwa daktari wa moyo au figo amekuwekea kipimo.

Wakati huohuo punguza pilipili, pombe, nyama choma na vitu vilivyokaangwa mpaka vikakauka. Aina ya baridi waongeze tangawizi kwenye chai. Aina ya joto wasiongeze.

Hatua ya 4: Kanda tumbo

Lala chali, magoti juu, mikono iwe na joto. Paka mafuta kidogo. Weka kiganja chini kulia mwa tumbo, karibu na nyonga. Panda polepole mpaka chini ya mbavu za kulia, vuka juu ya kitovu kwenda kushoto, shuka mpaka nyonga ya kushoto, kisha zunguka kurudi ulikoanza. Huo ndio mzunguko mmoja, nao unafuata njia ileile ambayo utumbo mpana unapita. Ukigeuza upande unasukuma kinyume, kwa hiyo angalia vizuri siku ya kwanza.

Zunguka mara 100, kwa uzito wa mkono wenyewe. Dakika tano au saba zinatosha. Fanya asubuhi kabla hujainuka kitandani, au saa moja baada ya kula, lakini si tumbo likiwa limejaa. Kama umefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, au una uvimbe tumboni, usifanye.

Hatua ya 5: Minya pointi nne

Huhitaji sindano, zile nyembamba zisizo na dawa ambazo waganga wa Kichina huchoma kwenye pointi. Kipimo kinachotumika ni vidole vyako mwenyewe, si vya mtu mwingine: vidole vinne vilivyobanwa pamoja ni *cun* (kipimo cha Kichina) tatu, vidole vitatu (cha shahada, cha kati na cha pete) ni *cun* mbili.

Tianshu. Kutoka katikati ya kitovu, pima vidole vitatu kulia na vitatu kushoto. Minya pande zote mbili pamoja huku ukitoa pumzi. Ni pointi kuu ya utumbo mpana, kwa choo kigumu na kwa kuharisha pia.

Zhigou. Upande wa nje wa mkono, pima vidole vinne kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, kwenda juu kuelekea kiwiko, katikati ya mifupa miwili. Hii ni ya wale wa kukwama: gesi, hasira, mbavu kujaa.

Zusanli. Kunja goti. Chini ya pia ya goti, upande wa nje, kuna shimo dogo. Shuka vidole vinne kutoka hapo, kisha toka nje ya ukingo wa mfupa wa muundi kwa upana wa kidole kimoja. Ukiminya vizuri unasikia uzito unashuka kuelekea wayo. Ni ya uchovu na tumbo dhaifu.

Chengshan. Simama kwa ncha za vidole vya miguu. Nyuma ya mguu, pale nyama ya shavu inapoishia, panatokea umbo la V iliyogeuzwa. Kilele chake ndicho Chengshan. Usishangae pointi ya mguuni kutumika kwa maumivu ya kule chini. Vitabu vya Kichina vimeiandika kwa bawasiri na maumivu ya njia ya haja kubwa kwa karne nyingi, na ndiyo ile mwalimu wangu alinionyesha. Kwa mtu mwenye mpasuko huwa inauma sana ikiguswa, kwa hiyo anza polepole.

Kila pointi minya kwa kidole gumba dakika mbili hadi tatu kila upande, mara moja au mbili kwa siku. Unachotafuta ni uzito, kuvuta, au ganzi kidogo. Maumivu makali au michubuko maana yake umezidisha. Usiminye juu ya vidonda, mishipa iliyovimba, au mguu uliovimba ghafla upande mmoja na una joto. Mguu wa namna hiyo unaweza kuwa na damu iliyoganda, na unahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Saa na namna ya kukaa

Kwenye saa ya Kichina ya viungo vya mwili, saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi ni zamu ya utumbo mpana. Hata kama hujali nadharia hiyo, mwili wenyewe husukuma zaidi asubuhi baada ya kuamka na baada ya kula. Kwa hiyo panga: maji ya vuguvugu, kukanda tumbo, uji wa ufuta, kisha chooni, saa ileile kila siku.

Chuchumaa. Choo cha shimo au cha kuchuchumaa kina faida hapa. Kama ni cha kukalia, weka miguu kwenye kigoda ili magoti yawe juu kuliko nyonga, inamia mbele kidogo. Toa pumzi polepole kwa mdomo. Usibane pumzi na kujikamua. Dakika tano zikipita bila kitu, inuka uendelee na shughuli. Simu ibaki nje. Kukaa nusu saa unasoma ujumbe kunajaza damu kwenye mishipa ya bawasiri.

Kuna pointi moja ya msaada hapahapa, *Huiyin*, iliyo katikati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri. Haja ikija na choo kinagoma, funga vidole kwa karatasi safi, uminye hapo kwa vipigo vifupi vifupi, kisha nawa mikono kwa sabuni. Chuo kikuu cha UCLA cha Marekani kilijaribu jambo hili kwa watu 100 wenye choo kigumu, matokeo yakachapishwa karibu na 2015: katika waliofundishwa, asilimia 72 walisema kuminya hapo kuliwasaidia kutoa au kulainisha choo. Aliye na bawasiri iliyotoka nje na inayouma asiiminye.

Hatua ya 7: Dawa za kununua, na zile za kuogopa

Fika hapa baada ya wiki mbili za hatua zilizotangulia, si kabla.

*Ma ren wan* ni dawa ya Zhang Zhongjing yuleyule, ya watu wa ukavu na joto. Ina vitu sita: mbegu za katani ya Kichina, mzizi wa shao yao (ua la peoni), chungwa chungu changa, gamba la hou po (mti wa magnolia), kokwa za aprikoti, na da huang. Mwaka 2011 watafiti wa Hong Kong walichapisha jaribio la watu 120 kwa wiki nane: asilimia 43.3 ya waliopewa dawa hii walipata nafuu, dhidi ya asilimia 8.3 ya waliopewa dawa bandia. Ni matokeo mazuri, lakini ona pia kwamba zaidi ya nusu haikuwatosha.

Usijaribu kujikusanyia vitu hivyo mwenyewe. Mbegu ile ni ya jamii moja na bangi, na unaweza kujiingiza kwenye kesi. Kokwa za aprikoti zikizidi zina sumu. Nunua iliyosajiliwa, kwa Tanzania angalia usajili wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na umeze kwa maelekezo ya mtaalamu aliyekuona.

Da huang, maana yake "kubwa la manjano", ni mzizi unaoharisha kwa nguvu. Ndugu zake wawili unawajua: sanamaki na shubiri. Wachina wanaiita sanamaki *fan xie ye*, yaani jani la kigeni la kuharisha, kwa sababu kwao nayo ilitoka nje. Zote tatu zina kemikali za aina moja. Kwa siku chache zina kazi yake. Kwa miezi, utumbo unazizoea, ukuta wake unageuka rangi nyeusi, na mwili unapoteza potasiamu, jambo la hatari hasa kwa anayetumia dawa za moyo au za kupunguza maji mwilini. Soma pia pakiti ya chai yako ya kupunguza tumbo. Nyingi zina sanamaki ndani, na wako watu wanaokunywa kila usiku bila kujua kwamba wanajiharisha.

Kwa nje ipo marhamu ya Mayinglong, jina lililoanza na dawa ya macho mwaka 1582 na sasa linajulikana China nzima kwa bawasiri. Hupoza na kupunguza uvimbe. Ina miski ndani, kwa hiyo mjamzito asiiguse.

Ukiweza kumpata mtaalamu wa sindano mwenye leseni, jaribu. Mwaka 2016 watafiti wa China walichapisha utafiti mkubwa, wagonjwa 1,075 katika hospitali 15, wenye kufunga choo sana. Walichomwa sindano zenye umeme mdogo mara 28 kwa wiki nane, na choo kamili kisicho cha kulazimisha kiliongezeka kwa 1.76 kwa wiki, wakati kwa waliochomwa za kuigiza kiliongezeka kwa 0.87. Hakikisha sindano ni mpya na zinafunguliwa mbele yako.

Mambo yakikwama

*Choo kimelainika lakini bado kinakata.* Kidonda bado hakijafunga. Endelea na beseni mara mbili kwa siku. Mipasuko mingi midogo hufunga ndani ya wiki sita choo kikibaki laini. Ikipita hapo, nenda kwa daktari wa upasuaji. Zipo krimu za kulegeza msuli ambazo hakuna jani la Kichina litakalozishinda, na unaweza kuzitumia huku ukiendelea na ufuta.

*Uji wa ufuta umenifanya niharishe au nijae gesi.* Punguza nusu. Kama bado, huenda wewe si wa aina ya ukavu. Rudi kwenye daftari.

*Naumwa tumbo kisha naharisha, ikitoka napata nafuu.* Acha ufuta, acha asali, acha vyakula vya baridi. Kunywa chai ya maganda ya chenza yaliyokauka vizuri, chemsha robo ya ganda lisilo na dawa za shambani kwa dakika kumi. Minya Tianshu na Zusanli. Kwa hali hii ipo dawa ya vitu vinne iitwayo *tong xie yao fang*, lakini iandikwe na mtaalamu baada ya choo chako kupimwa.

*Maumivu huja siku za hedhi tu.* Hili wanawake wengi hulinyamazia. Inaweza kuwa ukuta wa mji wa mimba umeota nje ya mahali pake, hata karibu na utumbo. Beba daftari lako lenye tarehe umwonyeshe daktari wa wanawake. Usiambiwe ni kawaida ukakubali.

*Nimezoea sanamaki, nikiacha sipati choo kabisa.* Usiache ghafla. Punguza robo ya kipimo kila wiki huku ukianza hatua ya 3, ya 4 na ya 6. Wiki mbili za mwanzo huwa ngumu na wengi hukata tamaa hapo. Siku tatu zikipita bila choo katika kipindi hicho, tumia dawa laini ya kulainisha kutoka duka la dawa, zile zinazovuta maji kwenye utumbo, badala ya kurudia dozi kamili ya sanamaki.

*Nimepona, niache kila kitu?* Beseni na pointi unaweza kuacha. Maji ya vuguvugu, saa ya choo na kigoda endelea navyo kama kawaida. Ufuta unywe mara mbili tatu kwa wiki kwa miezi miwili zaidi, maana kovu jipya ni laini na choo kimoja kigumu baada ya safari ndefu ya basi kinatosha kulifungua tena.